Paralaksi mapingi haina paralaksi ndani yake

Kila siku nakutana na watu wanaotengeneza magemu kwa RPG Maker, injini (programu) ya kutengenezea magemu, wanasema "ramani yangu ina paralaksi", ukifungua gemu unakuta picha moja kubwa imetandikwa chini ya mhusika, imetulia, haina habari na mtu. Anachomaanisha nakielewa, ila tukiendelea hivi siku akitaka paralaksi yenyewe ataiombaje?

Maana kwa haraka: paralaksi mapingi ni kuichora ramani nzima nje ya injini, kwa programu ya kuchorea kama GIMP au Krita au chochote ulichonacho, badala ya kuipanga taili kwa taili (vipande vidogo vya picha vya mraba), halafu ile picha unaiweka kama bakigraundi ya ramani. Kwa vile injini haijui kwamba huo ukuta uliouchora ni ukuta, unapanga juu yake taili zisizoonekana za kumzuia mhusika asipite, na mapaa na vilele vya miti unaviweka kwenye picha nyingine inayokaa juu yake, mara nyingi kwa pulagini, yaani kiongezeo cha injini. Basi, ndiyo hiyo.

Sasa paralaksi. Panda basi la Moshi ukae dirishani, nguzo za pembeni ya barabara zinakupita mbio, vibanda vya mbali vinajikokota, Kilimanjaro upo palepale. Vitu vilivyo mbali vinaonekana kusogea kidogo kuliko vya karibu pale wewe unapohama, hiyo tofauti ndiyo paralaksi, na ndiyo mwanaastronomia Bessel aliyoitumia mwaka 1838 kupima umbali wa nyota 61 Cygni. Kwenye magemu Moon Patrol ya 1982 ilijulikana sana kwa ujanja huohuo, milima ya nyuma inakwenda taratibu kuliko ardhi ya mbele. Bila tofauti ya mwendo hakuna paralaksi, hata picha iwe nzuri vipi.

Wa kulaumiwa kwanza ni injini yenyewe. Toleo la RPG Maker XP hiyo sehemu ya bakigraundi iliiita panorama, likaja toleo la VX wakaibadilisha jina kuwa paralaksi, na VX hiyohiyo ndiyo iliyowabana watu kwa seti moja tu ya taili kwa gemu zima, yaani kijiji, pango na ikulu vyote vigawane seti ile ile! Watu wakatafuta pa kutokea, wakaona pale kwenye paralaksi unaweza kuweka picha yoyote, wakahamishia ramani zao huko na jina likawafuata.

Kinachonichekesha ni kwamba injini inaijua tofauti vizuri tu. Kwenye matoleo ya baadaye, MV na MZ, jina la faili kwenye folda ya img/parallaxes likianza na alama ya mshangao (!), picha inafungwa kwenye ramani na kusogea sawasawa na taili, na ndani ya kodi hiyo hali inaitwa isZeroParallax, yaani paralaksi sifuri, wameandika wenyewe! Ukiiacha hiyo alama halafu ukatiki chaguo la picha kujirudia, picha inasogea nusu ya mwendo wa ramani, na hiyo sasa ndiyo paralaksi, nzuri kwa mawingu au bonde linaloonekana chini ya daraja. Ukiiacha alama na usitiki chochote, picha inaganda kwenye skrini, mhusika anatembea na nyumba zinamfuata, hapo ndipo malalamiko ya "injini ina bagi" yanapoanzia.

Na ukubwa nao, maana watu wanaangalia uzito wa faili tu. Ramani ya taili 100 kwa 100 kwenye MV ni pikseli 4800 kwa 4800, PNG yake inaweza kuwa MB chache lakini ikifunguliwa kila pikseli inakula baiti 4, jumla kama MB 92 za memori, kwa picha moja, bado ile ya mapaa. Simu nyingi za zamani hazikubali picha inayozidi 4096 upande mmoja, kwa hiyo gawanya ramani mapema.

Sitagombana na mtu akisema paralaksi mapingi, jina limeshakomaa. Ila kama picha yako imefungwa kwenye ramani sema tu ramani ya picha, na ukija kuuliza kwa nini milima yako ya nyuma haibaki nyuma, anza kwa kuangalia kama uliiweka ile alama ya mshangao kwenye jina la faili.