Kikapu cha mlangoni: kupiga picha mishipa ya damu ya ubongo

Mlangoni pa chumba chetu cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kuna kikapu kidogo cha plastiki. Kila siku kinapokea pini za mtandio, sarafu, funguo, simu, mikanda, na mara mojamoja hirizi iliyofungwa ndani ya kikopo cha chuma. Mama mmoja alisita kuivua ya kwake, maana alivalishwa na bibi yake. Nikamwambia, "Mama, mpe binti yako aishike hapa nje, ukitoka atakuvisha mwenyewe." Akakubali.

Sumaku ya mashine hiyo haizimwi jioni tunapofunga. Inavuta usiku na mchana, na ile ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ina nguvu karibu mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani uliruka ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelala kwenye mashine. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa anapozuiwa kuingia na kiti cha magurudumu, asione anadharauliwa.

Tutakuuliza pia kazi yako. Mchomeleaji au fundi wa kusaga vyuma anaweza kuwa na chembe ya chuma iliyoingia jichoni miaka mingi iliyopita na akaisahau. Sumaku ikiisogeza, jicho linaweza kupofuka. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mshipa wa ubongo na kuwekewa kibanio, au mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, aje na karatasi zake. Vibanio vya titani vinavumilia sumaku, lakini vipo vya zamani ambavyo vinaweza kujizungusha vikachana mshipa. Bila karatasi hatubahatishi.

Ukipita maswali hayo, MRI ni kipimo cha upole. Hakina mionzi, na mara nyingi mishipa ya ubongo huonekana bila hata sindano, kwa sababu damu inayotembea hung'aa yenyewe pichani. Kelele ni kubwa na muda ni mrefu, basi.

Kwenye dharura tunakimbilia skani ya CT, inayopiga picha kwa eksirei. Mtu amepinda mdomo, mkono umelegea, maneno hayatoki: kwanza tunapiga picha bila dawa, kuona kama damu imevuja. Kisha dawa yenye aidini, ile wengi wanayoiita rangi, inaingizwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono, na ndani ya sekunde chache mishipa yote kuanzia shingoni hadi utosini imeshaonekana, pamoja na pale ilipoziba au ilipovimba kama puto. Utasikia joto likishuka kifuani hadi kwenye nyonga, na ladha ya chuma mdomoni. Wengi hudhani wamejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa inapita, na baada ya dakika moja hivi hisia hiyo huisha.

Huku Pwani kuna hofu moja ningependa iishe: kwamba asiyeweza kula kamba hawezi kuchomwa dawa hii. Mzio wa kamba unatokana na protini ya kamba, si aidini. Tunachotaka kujua ni kama dawa ya aina hii iliwahi kukuletea vipele, uvimbe au kukosa pumzi. Tuambie pia hali ya figo zako, kama una ujauzito, na kama unatumia metformin ya kisukari, kwa sababu figo zikiwa dhaifu sana dawa hiyo husimamishwa kwa muda. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno.

Kuhusu mionzi, skani ya CT ya kawaida ya kichwa ni takriban milisivati 2 (kizio cha mionzi), na binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Picha za mishipa huongeza juu ya hapo. Kwa mwenye dalili za kiharusi sisiti hata kidogo. Lakini sikubaliani na kujilipia skani kila kichwa kinapouma.

Kipimo cha tatu, angiografia, yaani eksirei ya mishipa kwa mrija unaopitishwa ndani yake, ndicho kikongwe. Daktari Mreno Egas Moniz alikianzisha Lisbon mwaka 1927. Miaka iliyofuata madaktari walitumia dawa ya thori, aina ya metali, iliyotoa picha safi sana. Kumbe thori ina mionzi na haitoki mwilini. Ilijikusanya kwenye ini, na miaka mingi baadaye wagonjwa wakaanza kuugua saratani. Aidini ya leo hutolewa na figo, nyingi ndani ya siku moja. Mgonjwa hupigwa ganzi, mrija mwembamba uitwao katheta ukapitishwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi shingoni. Kompyuta huondoa picha ya kabla ya dawa kutoka kwenye ile ya baada yake, mifupa ikatoweka, mishipa ikabaki peke yake kama mizizi ya mkoko maji yakitoka. Hakuna picha inayoishinda. Lakini inaweza kuacha kiharusi cha kudumu, ingawa kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, kwa hiyo tunaifanya pale ambapo jibu litabadilisha tiba. Ukipitishiwa kinenani, utalala saa kadhaa bila kukunja mguu. Ukiona tundu linavimba au linatoa damu, bonyeza kwa nguvu na uite muuguzi.

Nimeacha mwisho kipimo kinachohitajiwa na watoto wetu wengi. Mtoto mwenye selimundu, kuanzia miaka 2 hadi 16, apimwe kila mwaka kwa Doppler ya ubongo. Ni ultrasaundi tu, yaani mawimbi ya sauti: jeli kwenye panja, hakuna sindano wala mionzi. Kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mshipa umeanza kuwa mwembamba na kiharusi kinanyemelea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kumwongezea mtoto huyo damu mara kwa mara hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90, na leo dawa iitwayo hidroksiyurea nayo inasaidia. Mleteni akiwa ameshakula, asiwe amelala wala analia. Kama ana homa au ameongezewa damu karibuni, semeni kabla hatujaanza, kwa sababu homa huongeza kasi na damu mpya huipunguza.