Weka msasa chini kwanza: dhana potofu kuhusu kukarabati bunduki kuukuu ya kuwindia

Bunduki ya kuwindia iliyotumika miaka mingi huchosha macho kwa mambo mawili: kitako cha mbao kimepauka na kujaa michubuko, na mtutu umepoteza weusi wake ukabaki na mabaka ya kijivu na kahawia. Kuirudishia sura nyumbani kunawezekana, tena bila mashine. Shida ni kwamba ushauri mwingi unaotolewa umeazimwa kwenye ukarabati wa meza na milango. Mlango ukikwanguliwa milimita moja hakuna atakayejua. Bunduki ikikwanguliwa kiasi hicho imeharibika.

"Magazini ikishatoka, bunduki ni tupu."

Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu. Kwenye bunduki zenye magazini ya bomba chini ya mtutu, nyingine huweza kukwama ndani ya bomba bila kuonekana. Fungua mtambo, yaani sehemu inayofungua na kufunga chemba, tazama chemba kwa macho, hakikisha kwa kidole, na risasi zote zitolewe nje ya chumba unachofanyia kazi kabla hujashika bisibisi.

"Ikipendeza, thamani inapanda."

Kwa bunduki ya kawaida, pengine. Kwa bunduki inayotafutwa na wakusanyaji, mara nyingi ni kinyume: wao hulipia weusi na vanishi ya kiwandani hata kama vimechakaa. Mfano unaojulikana ni bunduki za Kimarekani za Winchester Model 70 zilizotengenezwa kabla ya kiwanda kubadili utengenezaji wake mwaka 1964. Mwenye nayo akaipiga msasa na kuipaka upya amefuta kile kile ambacho mnunuzi alikuwa anakitafuta. Jua una bunduki gani kabla ya kuamua lolote.

"Anza kwa msasa mpaka mbao ziwe nyeupe."

Hapa ndipo bunduki nyingi huharibiwa, na wanaoziharibu ni watu wenye nia njema kabisa. Kiwandani mbao huachwa zikiwa sawa na chuma kinachopakana nazo, au zimeinuka kidogo sana. Msasa ukipita, mbao hushuka chini ya chuma: bamba la nyuma ya kitako linachomoza, kingo zilizokuwa kali zinakuwa mviringo, na ile nakshi ya vijimraba inayozuia mkono kuteleza inafutika. Hakuna dawa ya kurudisha mbao zilizokwisha kuwa vumbi.

Vanishi ya zamani iondoe kwa dawa ya kuondolea vanishi, ukivaa glavu, mahali penye hewa. Kwenye nakshi tumia mswaki laini, ukifuata mistari yake.

Sehemu zilizobonyea nazo hazihitaji msasa. Mbao zilizobonyea hazijapungua, nyuzi zake zimegandamizwa tu. Weka kitambaa chenye maji juu ya shimo, gusa kwa ncha ya pasi ya moto, mvuke uingie. Nyuzi zitavimba na kurudi juu. Huenda ukarudia mara kadhaa. Njia hii haisaidii pale ambapo nyuzi zimekatwa, mfano mkwaruzo wa kisu au miiba. Mikwaruzo ya namna hiyo mimi huiacha. Ni bunduki ya porini, si sinia la harusi.

Baada ya mvuke unaweza kuhitaji msasa kidogo kulainisha nyuzi zilizosimama. Basi tumia ulio laini, kuanzia namba 220, ukiuzungushia kipande cha mbao bapa, huku bamba la kitako likiwa limefungwa mahali pake na kufunikwa kwa utepe.

"Weusi ule karibu na mtambo ni uzee wa mbao."

Mara nyingi ni mafuta. Bunduki iliyopakwa mafuta mengi na kusimamishwa mdomo juu huyateremsha polepole hadi kwenye mbao nyuma ya mtambo. Mbao zikilowa mafuta kwa miaka mingi hulainika, na bunduki ikipiga teke hupasuka hapo hapo. Kuzipaka vanishi mpya juu yake ni kazi bure, haitashika. Njia ya kuyatoa ni kuchanganya unga wa chaki na asetoni hadi uwe uji mzito, kupaka, na kuacha ukauke: asetoni huyayusha mafuta, chaki huyanyonya. Ukiupangusa utauona umegeuka rangi. Rudia mpaka ubaki mweupe. Ifanyie nje, mbali na moto wowote, maana mvuke wa asetoni hushika moto upesi sana.

Wapo wanaotumia dawa kali ya kusafishia oveni. Mafuta hutoka kweli, lakini kostiki soda iliyomo hudhoofisha nyuzi na kuvuruga rangi ya mbao. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni mbaya zaidi, kwa sababu mabaki yake huja kula chuma baadaye.

"Mafuta ya kitani, kadiri unavyopaka mengi ndivyo yanavyolinda."

Mafuta haya hayakauki kwa kupukutisha maji kama rangi ya ukutani. Hugeuka kuwa tabaka gumu kwa kushikana na oksijeni ya hewani. Ukipaka mazito, juu hufunga kwanza na chini hubaki yakinata. Paka machache sana, sugua kwa kiganja hadi mbao zipate joto, futa yote yaliyobaki, subiri yakauke, ndipo urudie. Mafuta mabichi huchukua siku nyingi hata wiki kadhaa. Yale yanayouzwa kwa jina la "yaliyochemshwa" kwa kawaida hayajachemshwa. Yametiwa chumvi za metali kama kobalti na manganizi ili yakauke upesi.

Pia hayazuii unyevu vizuri, hata yakipakwa mara ngapi. Nayapenda kwa sura yake. Bunduki ya mvuani bora ipate vanishi nzuri inayojipenyeza kwenye mbao. Vyovyote vile, usisahau sehemu zisizoonekana: mfereji unaolalia mtutu, na mbao zilizofichwa na bamba la kitako. Unyevu ukipenya hapo, mbao huvimba kwa upana, husukuma mtutu, na risasi huacha kupiga pale ulipolenga.

Jambo moja halina mjadala: matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

"Weusi wa mtutu ndio unaozuia kutu."

Weusi huo wenyewe ni aina ya kutu, oksidi nyeusi ya chuma. Una vijitundu vidogo vinavyoshika mafuta, na mafuta ndiyo yanayolinda. Mtutu mweusi usiopakwa mafuta hushika kutu.

"Siki huondoa kutu bila madhara."

Huondoa kutu, na weusi pia. Hali kadhalika dawa nyingi za dukani zenye tindikali. Kama kutu ni ya juu juu, tumia mafuta mepesi na pamba ya chuma iliyo laini kabisa, namba 0000, ukijaribia kwanza sehemu inayofunikwa na mbao.

"Dawa ya kupaka kwa kitambaa inatoa weusi sawa na wa kiwandani."

Dawa za namna hii huacha tabaka jembamba lenye seleni na shaba. Zinafaa kuficha mkwaruzo mdogo. Ukipaka mtutu mzima, mara nyingi utapata mabaka, na weusi utafutika upesi pale mkono unaposhika. Seleni ni sumu, kwa hiyo glavu ni lazima. Chuma kisichoshika kutu hazikigusi kabisa.

Weusi wa viwanda vingi hutoka kwenye bafu la kostiki soda na chumvi za nitrati, linalochemka kwenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Tone moja la maji likiingia vibaya humo, mchanganyiko hurukia watu. Huyayusha alumini, na hula lehemu laini inayounganisha mitutu miwili ya bunduki za marisau. Usilete hilo jikoni.

Njia ya nyumbani ni ile ya mafundi wa zamani, polepole. Chuma husafishwa mafuta yote, hupakwa dawa ya kukitia kutu, na huachwa penye unyevu hadi kishike kutu nyembamba ya kahawia. Kisha huchemshwa kwenye maji safi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi. Unga wa juu hupanguswa na kazi huanza upya, mara nyingi hadi weusi ukolee. Alama moja ya kidole chenye jasho huacha doa. Lakini weusi wake ni mgumu, na hauharibu lehemu.

"Sugua chuma king'ae kama kioo kwanza."

Gurudumu la kung'arishia hufuta maandishi na kutanua midomo ya matundu ya skrubu. Pia linaweza kufuta namba ya silaha, na katika nchi nyingi kuifuta ni kosa la jinai. Sugua kwa mkono, na ukifika kwenye namba usiguse.

"Imekuwa kama mpya, basi ni salama kufyatua."

Sura haisemi lolote kuhusu uimara wa chuma. Bunduki za Springfield M1903 za Marekani zenye namba chini ya 800,000, kutoka karakana ya Springfield, zilipashwa moto kwa mafundi kukadiria joto kwa macho, kwa kutazama rangi ya chuma. Baadhi zikapata joto kupita kiasi, chuma kikawa rahisi kupasuka, na utaratibu ulibadilishwa mwaka 1918. Ukiitazama huwezi kuitambua iliyo mbovu, na kuipasha moto upya nyumbani hakuirekebishi. Hata ikirudishiwa sura namna gani, ushauri wa kawaida kwa mwenye bunduki ya kundi hilo ni asiifyatue kabisa.