Populizimu ni nini hasa?

Siku hizi mwanasiasa akiahidi tu kushusha bei ya unga anaitwa populisti. Hapana bwana, kuahidi ni kampeni ya kawaida, hata balozi wa nyumba kumi anaahidi. Wasomi wengi, wakimfuata Mholanzi Cas Mudde na makala yake ya 2004, wanamaanisha siasa inayoigawa nchi mafungu mawili, wananchi wema huku na wakubwa walafi kule, na eti nchi iendeshwe kwa matakwa ya hawa wema tu. Basi, hamna zaidi. Haina sera yake ya uchumi ndo maana unaikuta kulia kwa Trump na kushoto kwa Chávez wa Venezuela.

Cheki Kenya 2022. Mgombea urais Ruto kaja na toroli, alama ya chama chake, na habari za mahasla, yaani watu wa kujitafutia riziki, dhidi ya familia mbili, Kenyatta na Odinga, yaani rais wa kwanza na makamu wa kwanza wa nchi ile, na watoto wao Uhuru na Raila safari hiyo walikuwa upande mmoja. Sasa jamaa mwenyewe alikuwa naibu wa rais tangu 2013, tajiri, msafara wa magari, lakini ikashika! Ikashika sababu mstari hakuuchora kwenye pesa, aliuchora kwenye kuzaliwa: wale wamerithi, sisi tumetafuta, na mimi niliuza kuku barabarani kwa hiyo niko na nyie. Kapita na asilimia 50.49.

Ishu ya pengo la kipato nayo watu wanairahisisha sana, wanadhani likipanuka tu populizimu inaota. Watafiti Gimpelson na Treisman, 2018, walionyesha watu wengi hawajui pengo la nchi yao ni kubwa kiasi gani wala wao wako ngazi ipi, na hamu ya kutaka serikali igawe mali inaendana zaidi na pengo wanalodhani lipo kuliko lililopo kwenye takwimu. Kwa hiyo mgombea hahitaji pengo likue, anahitaji ulione na akuonyeshe wa kumlaumu.

Swali gumu ni kama Juni 2024 nayo ilikuwa populizimu, vijana wa Nairobi walipoingia bungeni tarehe 25 kupinga mswada wa fedha. Wananchi dhidi ya waheshimiwa ilikuwepo, kiongozi hakuna. Kwa Mudde inaweza kuhesabika. Kwa msomi mwingine, Kurt Weyland, anayeiona populizimu kama mbinu ya kiongozi kutafuta madaraka, haihesabiki, na hapo mimi niko na Weyland.