Dawa za kuzuia damu kuganda: zinafanyaje kazi na zilitoka wapi

Ukijikata kisu jikoni, damu hutoka kwa dakika chache kisha hukoma yenyewe. Kwanza chembe sahani, yaani vipande vidogo sana vilivyomo katika damu, hukimbilia mahali palipokatika na kushikamana. Wakati huohuo protini zaidi ya kumi, ambazo muda wote zilikuwa katika damu bila kufanya kazi, huanza kuamshana: moja huiamsha nyingine, nayo huiamsha inayofuata, mpaka inapatikana protini iitwayo trombini. Trombini huigeuza protini nyingine, fibrinojeni, kuwa nyuzi ngumu za fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu na kunasa chembechembe za damu, na hapo bonge hupatikana.

Protini nyingi kati ya hizo hutajwa kwa namba za Kirumi: ya pili ni protrombini, ya kumi ndiyo inayoigeuza protrombini kuwa trombini, na kadhalika. Mpangilio wa kuamshana hatua kwa hatua ulielezwa mwaka 1964 na Robert Macfarlane wa Uingereza na, kwa kazi tofauti ya mwaka huohuo, Earl Davie na Oscar Ratnoff wa Marekani. Faida ya mpangilio huo ni kwamba jeraha dogo huzaa trombini nyingi kwa muda mfupi. Hatari yake ni hiyohiyo, kwa sababu ukianza pasipo jeraha, damu huganda ndani ya mshipa uliokuwa mzima.

Katikati ya karne ya 19, Rudolf Virchow wa Ujerumani alifanya uchunguzi ambao baadaye ulifupishwa katika mambo matatu yanayoleta hali hiyo: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuharibika, na damu yenyewe kubadilika ikawa nyepesi kuganda. Hadi leo wagonjwa wengi wenye mabonge wanaingia katika mojawapo ya makundi hayo. Aliyelala kitandani baada ya upasuaji wa nyonga, mama aliyetoka kujifungua, mwenye saratani, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambaye damu yake hutuama katika chumba cha juu cha moyo, wote wako katika hatari kubwa kuliko kawaida. Bonge la mguuni likikatika husafiri hadi mapafuni na linaweza kuua ndani ya dakika. La moyoni likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda ni ile inayodhoofisha mfululizo huo wa protini. Mitaani wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu, na mgonjwa akitoka hospitali na maelezo hayo peke yake hubaki na picha isiyo sahihi. Damu yake haiwi maji. Bonge alilo nalo haliyeyushwi na dawa hii pia. Mwili wenyewe ndio unaolimeng'enya taratibu, kwa wiki au miezi, huku dawa ikizuia lisikue na mengine yasizaliwe. Zipo dawa zinazovunja bonge moja kwa moja, lakini hizo hutolewa hospitali, kwa dharura, na ni kundi jingine kabisa. Aspirini nayo iko kando: yenyewe huzuia chembe sahani zisishikamane, na haiwezi kushika nafasi ya dawa tunazozizungumzia hapa.

Ya kwanza kupatikana ilikuwa heparini. Mwaka 1916, katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alikuwa akifanya utafiti chini ya Profesa William Howell. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunguza vitu vinavyogandisha damu. Alipokamua dutu fulani kutoka kwenye ini la mbwa, aliona kinyume chake: damu ilichelewa kuganda. Howell aliendeleza kazi hiyo na kuleta jina la heparini mwaka 1918. Ilichukua muda mrefu kuitakasa kiasi cha kumfaa binadamu. Kazi hiyo ilifanyika Toronto, katika kundi lililoongozwa na Charles Best, yuleyule aliyeshiriki kugundua insulini, na Stockholm kwa Erik Jorpes. Katikati ya miaka ya 1930 wagonjwa wa kwanza walianza kudungwa.

Heparini hufanya kazi papo hapo. Huishika protini ya mwili iitwayo antitrombini na kuiongezea kasi mara nyingi sana, nayo huizima trombini na protini ya kumi. Haifyonzwi tumboni, ndiyo maana ni ya sindano tu. Nyingi iliyoko sokoni leo hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, jambo ambalo Waislamu wengi wangependa kujua mapema badala ya kulisikia baadaye. Anayetatizika aulize. Iko heparini ya ng'ombe katika baadhi ya nchi, iko fondaparinaksi inayotengenezwa maabara bila mnyama, na pale ambapo hakuna mbadala na maisha yako hatarini, wanazuoni wana mlango wa dharura wanaoufahamu vizuri. La hatari ni mgonjwa kuikataa sindano kimyakimya.

Warfarini ina historia nyingine, na ndiyo inayonigusa zaidi, maana ilianza kwa ng'ombe kufa.

Miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani walianza kupoteza mifugo kwa namna ya kutisha. Ng'ombe aliyekatwa pembe au kuhasiwa alitoka damu mfululizo mpaka akafa. Wengine walivuja damu ndani kwa ndani bila kuguswa. Frank Schofield, daktari wa mifugo huko Ontario, alionyesha kwamba chanzo kilikuwa majani makavu ya malisho yaitwayo klova tamu, lakini yale tu yaliyoota ukungu. Majani yaleyale yakiwa mazima hayakudhuru. Baadaye Lee Roderick wa North Dakota aliona kwamba damu ya mifugo hiyo ilikuwa na upungufu wa protrombini.

Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mfugaji mmoja wa Wisconsin aliendesha gari karibu kilomita 300 hadi Madison akiwa na mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na kilo zipatazo 45 za klova iliyooza. Alikuwa akimtafuta daktari wa mifugo wa jimbo. Ilikuwa Jumamosi, na akaishia katika maabara ya Karl Paul Link, mwanakemia wa chuo kikuu. Link hakuwa na dawa ya kumpa. Alimshauri aache kuwalisha majani yale, na kama inawezekana waliougua waongezewe damu. Mfugaji akarudi kwake mikono mitupu. Ilichukua zaidi ya miaka sita mpaka mwaka 1939, Harold Campbell wa maabara hiyo alipoipata sumu yenyewe ikiwa safi: dikumaroli. Kumarini, kitu kinachoipa klova harufu yake nzuri, hakina madhara hayo. Ukungu ndio unaokigeuza.

Dikumaroli ilianza kutumika kwa wagonjwa mapema miaka ya 1940. Link naye, akiwa amelazwa kwa kifua kikuu mwaka 1945, alianza kufikiria kutafuta aina kali zaidi ya kuulia panya. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikafaulu mno kwa sababu panya huila kwa siku kadhaa bila kushtuka. Kumpa binadamu sumu ya panya lilikuwa jambo gumu kukubalika. Mwaka 1951 askari mpya wa Marekani aliimeza kwa siku kadhaa akitaka kujiua. Alipofikishwa hospitali akapewa vitamini K, na akapona. Mwaka 1954 warfarini iliidhinishwa kwa matumizi ya binadamu, na Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo mwaka 1955 ilikuwa miongoni mwa dawa alizopewa.

Vitamini K ndiyo ufunguo wa kuielewa dawa hii. Iligunduliwa na Henrik Dam huko Copenhagen, alipowalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta na kuwaona wakivuja damu. Ini haliwezi kukamilisha protini ya pili, ya saba, ya tisa na ya kumi bila vitamini hiyo. Vitamini K ikishatumika mara moja, mwili huirudisha katika hali yake ya kwanza ili itumike tena, na warfarini huzuia kurudishwa huko. Protini zinaendelea kutengenezwa, ila hazifanyi kazi.

Hapo yanafuata mambo mawili ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua. Kwanza, warfarini haifanyi kazi siku ileile, kwa kuwa protini nzima zilizokwisha kutengenezwa zinabaki katika damu hadi ziishe zenyewe, na protrombini huchukua siku kadhaa. Zaidi ya hapo, warfarini hushusha haraka pia protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo. Ndiyo maana anayetibiwa bonge jipya huanza na heparini pamoja na warfarini kwa siku zisizopungua tano. Asishangae kudungwa sindano huku akimeza vidonge.

Pili, chakula na dawa nyingine hubadilisha nguvu yake. Mchicha, sukuma wiki, majani ya kunde na majani ya maboga yana vitamini K kwa wingi. Wagonjwa wengi huambiwa waache mboga za majani, nami naona ushauri huo ni mbaya, kwa sababu unawanyima chakula bora na hauwezekani kufuatwa. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana: anayekula mchicha kila siku aendelee, na kipimo cha dawa kipangwe kwa ulaji wake huo. Kinacholeta shida ni kula majani mwezi mzima kisha kuyaacha ghafla. Upande wa dawa, septrini, metronidazoli na flukonazoli huongeza nguvu ya warfarini hadi mtu aweze kuvuja damu. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza sana. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Zote hizo hupatikana kirahisi, na baadhi huuzwa bila muuzaji kuuliza chochote, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe aseme dukani kwamba anatumia warfarini.

Kwa kuwa nguvu yake haitabiriki, hupimwa. Kipimo ni INR, kinacholinganisha muda ambao damu ya mgonjwa huchukua kuganda na ule wa mtu asiyetumia dawa. Zamani kila maabara ilitumia kemikali zake na majibu hayakulingana. Shirika la Afya Duniani likaweka mizani moja miaka ya 1980. Asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma (mlango bandia wa moyo) kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto mara nyingi zaidi kidogo. Chini ya hapo bonge linaweza kutokea, na juu ya 4 hatari ya kuvuja damu hupanda haraka.

Tangu 2008 zimekuja dawa zinazolenga protini moja tu: dabigatrani huzuia trombini, rivaroksabani na apiksabani huzuia ya kumi. Hazihitaji INR na hazijali mchicha. Mwaka 2019 ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wengi wakadhani warfarini imekwisha.

Haijaisha, hasa kwetu Afrika Mashariki, ambako homa ya rumatiki ya utotoni bado inaharibu valvu za mioyo ya vijana. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye valvu za chuma, utafiti ulisimamishwa kwa sababu walipata viharusi na kuvuja damu zaidi. Matokeo yalitoka 2013. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa INVICTUS, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye moyo ulioharibiwa na rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio. Waliopewa warfarini na dawa za jamii yake walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa wagonjwa hawa kidonge cha zamani ndicho bora, na wanachokosa ni INR iliyo karibu na nyumbani. Mashine ndogo inayotumia tone la damu ya kidole ipo na hutoa jibu kwa dakika chache. Naamini kila hospitali ya wilaya yenye wagonjwa hawa inaihitaji.

Wengi katika utafiti huo walikuwa wanawake, na kwao kuna jambo jingine la kupangwa mapema. Warfarini hupita hadi kwa mtoto tumboni na inaweza kumlemaza, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Heparini haipiti, lakini hailindi valvu ya chuma vizuri kama warfarini. Kuchagua ni kazi ya mama na daktari wake wa moyo, na ifanywe kabla hajashika mimba, kwa sababu wengi hugundua wana mimba wakati wiki hizo za hatari zimekwisha kuanza. Akigundua amekwisha kushika, asiache vidonge peke yake: aende kliniki siku hiyohiyo.