Kuchangiwa si kununuliwa
Hapa Bukavu, ukitaja televisheni inayoishi kwa michango ya watazamaji, mtu wa Kadutu atakuuliza: "Basi anayetoa ndiye anayeamuru?" Hapana. Free Speech TV ya Marekani, iliyoanza 1995, haiuzi matangazo ya biashara. Hutegemea watazamaji wengi wanaotoa kidogo kidogo, pamoja na wakfu. Mtazamaji mmoja akinuna na kuacha kutoa, kituo hakitikisiki. Anayeamuru ni yule tajiri mmoja anayelipa mafuta ya jenereta, mishahara na kodi ya studio, au mwanasiasa anayempa mwandishi "pesa ya usafiri" baada ya mkutano (hiyo tunaijua mno). Hatari ya michango ni nyingine: wahariri huogopa kuwaudhi wachangiaji wote kwa pamoja.