Mishipa ya Damu Iliyoungana Isivyostahili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mgonjwa akiambiwa ana fistula, wengi huwaza jeraha la uzazi, naye hubeba aibu isiyomhusu. Fistula ya mishipa ya damu ni jambo jingine kabisa: ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, imeungana moja kwa moja na vena, mshipa unaoirudisha, bila kapilari, vile vimishipa vyembamba sana, katikati, na vena yenye kuta nyembamba hulazimika kupokea msukumo mkubwa isioweza kuuhimili.

Wala si kila muungano wa namna hiyo ni ugonjwa. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hutengenezewa mmoja mkononi kwa makusudi, na ukiugusa kwa kidole utahisi mtetemo usiokoma. Ubongoni, hata hivyo, muungano huo huweza kupasuka na kuvuja damu, au kuleta kifafa.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile inayodai kuwa kijana aliyeanza kuanguka kifafa ghafla amepandwa na majini, kwa sababu miezi hupita akizungushwa kwa waganga ilhali anahitaji kupigwa picha ya ubongo. Wengine hufika hospitali, wakapigwa CT scan ya kawaida, yaani picha ya eksirei inayotengenezwa kwa kompyuta, wakaambiwa haikuonyesha kitu, wakaridhika. Kipimo hicho huonyesha vizuri damu iliyovuja, lakini mishipa ambayo haijapasuka huweza kukipita. MRI huona zaidi, tena haitumii mionzi kama wengi wanavyohofu, bali sumaku.

Kipimo chenye uamuzi ni angiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, ambayo daktari Mreno Egas Moniz aliifanya kwa ubongo wa binadamu mara ya kwanza mjini Lisbon mwaka 1927. Siku hizi daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena au kifundo cha mkono hadi shingoni, akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha akatazama picha zinazofuatana kwa kasi: vena ikijaa dawa mapema, wakati ateri bado zimejaa, muungano umejionyesha.

Hapo ndipo inapoanguka dhana kwamba picha ni za kutazama tu. Kwa njia hiyohiyo, macho yakiwa kwenye skrini, daktari huweza kuingiza gundi maalumu au nyuzi za platinamu na kuziba muungano bila kufungua fuvu. Si kila mgonjwa humaliza kwa hatua hiyo. Baadhi huhitaji upasuaji, na wengine mionzi iliyolengwa, ambayo mara nyingi huchukua miaka 2 hadi 3 kuifunga mishipa, na muda wote huo hatari ya kuvuja damu ingalipo. Kwa hiyo daktari anayekuita tena kwa picha, ingawa unajisikia mzima, anataka kuhakikisha kwamba mishipa imefunga kweli.