Bodi Iliyokufa Haiamki Saa Nne Asubuhi

“Fundi, dubwi langu asubuhi linagoma, ikifika saa nne linakubali lenyewe. Bodi imekufa, niagizie nyingine Kariakoo.” Maneno haya nimeyapata kutoka Uyole, Tukuyu, Makambako na hapa hapa Mwanjelwa. Kwenye simu huwa najibu nusu tu, kwa sababu mwenye mashine anakuwa ameshaitenga hela ya bodi, ile sahani ya saketi inayoendesha mchezo, na hataki kusikia habari nyingine. Leo naandika jibu zima.

Nazungumzia dubwi, yaani mashine ya sarafu ya kubahatisha, iliyostaafu, iliyobaki nyumbani kwa kuchezea tu. Ya biashara iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake ya mwaka 2003, na mwenye nayo aanzie huko kabla ya kumwita fundi wa mtaani.

IC, kile kipande cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi, iliyoungua saa kumi na mbili alfajiri bado imeungua saa nne. Kitu kinachogoma na kukubali kinafuata hali fulani: joto, mtikisiko, au kiwango cha umeme. Kazi yako ni kuijua hali hiyo kabla hujashika bisibisi. Zipo kweli IC zinazofanya vituko bila kufa moja kwa moja, lakini kwa kawaida hizo huanza mashine ikishapata moto. Inayogoma kwa baridi na kupona kwa joto, itafutie ubaya kwingine kwanza.

Na baridi tunayo. Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, halafu mchana jua linawaka mpaka unavua sweta. Kila siku shaba, plastiki na lehemu ndani ya dubwi vinatanuka na kusinyaa, kila kimoja kwa kiwango chake. Pini iliyolehemewa kwa haraka kiwandani hatimaye inapasuka ufa mwembamba wa duara kuizunguka. Kwa macho matupu utaona inang’aa. Chukua kioo cha kukuzia, elekeza tochi kwa ubavu, uone. Ufa huo unaweza kuwa wazi alfajiri na kufungana mchana, na hakuna kilichokufa wala kufufuka.

Baridi hiyo inazishika pia kapasita, vile vikopo vinavyotunza chaji, za pawasaplai, yaani sehemu inayolisha mashine umeme. Ndani yake mna majimaji. Yakipoa, ukinzani wa ndani unapanda na uwezo wa kutunza chaji unapungua. Kapasita nzima haitikisiki kwa nyuzi za Mbeya. Iliyochoka, ambayo ilikaa miaka kwenye boksi lenye joto pale baa, inashindwa kuutuliza umeme: taa zinawaka picha haiji, au mashine inawaka na kujizima. Mashine ikiwa katikati ya kugoma, pulizia eneo la kapasita hewa ya moto ya draya ya saluni, kwa mbali, dakika moja. Ikikubali, umeshajua pa kuanzia, na kapasita bei yake haifiki hata karibu na ya bodi. Angalizo: kapasita kubwa ya upande wa volti 230 inaweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa nje. Usipeleke kidole.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Fundi anakuja, anachomoa konekta zote, anapuliza kwa mdomo, anachomeka tena. Mashine inawaka. Analipwa, anaondoka. Baada ya wiki kadhaa inagoma tena, na mwenye mashine anasema, “Waya zilishashughulikiwa, kwa hiyo safari hii ni bodi.”

Hapana. Konekta nyingi za bei ya chini zimepakwa bati, na bati likikutana na hewa linajivika oksaidi, yaani utando mwembamba kama kutu. Mtikisiko mdogo sana, wa mota ya hopa (kifaa kinachohesabu na kutoa sarafu), wa mlango kubamizwa, hata ule wa kutanuka na kusinyaa kila siku, unasugua pale pale mpaka uchafu wa oksaidi unajaa kati ya pini na soketi. Ukichomoa na kuchomeka unaukwangua, mguso unarudi. Hujatibu kitu, na ushahidi umeufuta kwa mikono yako. Ulikuwa na mashine inayogoma mbele yako, nafasi adimu kabisa katika kazi hii, ukaifanya ikubali bila kujua ni waya gani kati ya zote uliokuwa unasumbua.

Kwa hiyo kabla ya kuchomoa chochote, pima. Wala usipime kwa mlio. Kuna mafundi wanaozima mashine, wanagusa ncha mbili za waya, mita inalia, wanasema waya mzima. Mita nyingi hulia hata kama kuna omu kumi na kitu, tena zinapitisha mkondo mdogo mno. Kwenye njia ya volti 5 inayolisha bodi hata omu 0.2 ni balaa: zikipita ampea 2, volti 0.4 zimeliwa njiani, bodi inapata 4.6. IC za familia ya 74LS, ambazo bado zimejaa kwenye bodi hizi za zamani, zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo hakuna anayekuahidi zitafanya nini. Ndiyo maana unaona salio linaruka, kitufe kinajibonyeza, mchezo unajirudisha mwanzo, kisha watu wanasema bodi.

Pima mashine ikiwa inawaka. Ncha nyekundu iwe kwenye pini ya volti 5 pale pawasaplai, nyeusi kwenye mguu wa IC unaopokea hizo volti 5 kule kwenye bodi. Hapo mita inakuonyesha tofauti kati ya sehemu mbili. Ikiwa karibu na sifuri, njia ni safi. Ikisoma 0.3, sogeza ncha konekta moja baada ya nyingine mpaka uikute inayokula. Rudia upande wa hasi, maana wengi wanausahau. Kisha pima volti 5 zenyewe pale kwenye bodi, na kama mita yako ina kitufe cha kushika kiwango cha chini, kitumie hapo, kwa sababu namba ya kawaida kwenye kioo haiwezi kukuonyesha umeme uliozama kwa kufumba na kufumbua.

Na tafadhali, msasa uwe mbali na meno ya bodi, ile safu ya pini za kuchomekea ukingoni mwake. Dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba mno. Ukiisugua kwa msasa unaweza kufika kwenye shaba, na shaba inashika kutu kwa kasi. Kifutio laini cha penseli na spiriti vinatosha.

Mengine kwa haraka. Mipangilio inapotea kila ukizima: betri ya bodi, tena angalia kama imevuja, kwa sababu maji yake yanakula njia za shaba na hapo utapata hitilafu za kila aina. Sarafu nzuri inakataliwa: safisha sarafu ya mfano iliyobanwa ndani ya kipokea sarafu, maana nyingine zote zinalinganishwa nayo. Hopa inahesabu vibaya mchana tu: vumbi kwenye sensa, au jua la dirishani linaipiga sensa hiyo.

Liko jambo ambalo mafunzo hayalisemi. Utaratibu sahihi ni kugusa kitu kimoja, kusubiri, kisha kingine. Lakini mashine iko sebuleni kwa mtu Tukuyu, hitilafu inakuja alfajiri, na nauli ni ya mteja. Mara nyingi nalehemu upya safu nzima ya pini, nasafisha konekta, nabadilisha kapasita zinazotia shaka, vyote kwa mkupuo. Mashine inapona, nami sijui kilichoiponya. Wala siwezi kuthibitisha kwamba imepona. Ninachoweza kusema ni kwamba bado haijagoma, na mashine iliyotengenezwa Oktoba siiamini mpaka Julai ipite. Ndiyo sababu nikitengeneza wakati wa joto naandika kwenye karatasi ndani ya mlango volti nilizosoma pale kwenye bodi na tarehe, ili fundi atakayefungua baridi ikianza, awe mimi au mwingine, awe na namba ya kulinganisha.